Toleo Ni Ahadi Yenye Tarehe: Jinsi Lugha ya Python Inavyotolewa na Kutunzwa



Ndugu msomaji, somo letu la leo linawahusu kwanza wanaosoma kompyuta, lakini wa uhasibu, uuguzi na ualimu nao wasilipite. Wengi wetu tumeanza kuombwa na wazazi, wenye maduka na kamati za misikiti tuwatengenezee mifumo midogo ya kuweka hesabu na kumbukumbu. Tunaitengeneza kwa lugha za bure, tunaikabidhi, kisha tunahitimu na kwenda zetu. Swali la somo hili ni moja: mfumo ule utaishi muda gani baada ya sisi kuondoka, na nani ameahidi kuutunza?

Spea ya mwaka gani?

Ukiingia soko la Kisekka pale Nakivubo kutafuta spea ya gari, muuzaji hataki kujua gari ulilinunua kwa bei gani. Anauliza aina, kisha anauliza mwaka. Kusema "Toyota" peke yake hakumsaidii, kwa sababu kifaa cha mwaka mmoja hakikai kwenye gari la mwaka mwingine, hata kama kwa macho vinafanana. Fundi anayechukua spea bila kuuliza mwaka atarudi sokoni jioni ile ile.

Programu nazo ziko hivyo. Anayesema "mfumo wangu umeandikwa kwa Python" ametaja Toyota bila mwaka. Python ipi? Ya mwaka gani? Bado inatengenezewa spea au kiwanda kimeshaiacha? Majibu yote yamo ndani ya kitu kimoja ambacho wengi hukiruka wakati wa kuweka programu kwenye kompyuta: nambari ya toleo.

1. Lugha huria ni nini, na nani anailipia

Python ilianza kuandikwa na Guido van Rossum, Mholanzi, mwishoni mwa mwaka 1989, na ikatolewa hadharani kwa mara ya kwanza Februari 1991. Ni lugha huria. Maana yake ni kwamba msimbo wake uko wazi: yeyote anaruhusiwa kuusoma, kuutumia, kuubadilisha na kuwagawia wengine, bila kulipa leseni.

Hapo ndipo wengi tunapoishia, kwenye neno "bure". Lakini hebu tuchukue mfano tunaoufahamu, wa kisima kilichowekwa waqfu. Maji ni ya kila mwenye kiu, na hakuna anayelipishwa. Hata hivyo kamba hukatika, ndoo hutoboka, na ukuta wa kisima humomonyoka. Kwa hiyo waqfu huwekewa msimamizi, na huyo ndiye anayeulizwa kisima kikikauka. Bila msimamizi, baada ya miaka michache linabaki shimo lenye jina zuri.

Lugha huria ni kisima cha namna hiyo. Mtumiaji halipi, lakini kuna watu wanaolipa kwa muda wao: wanaosoma taarifa za hitilafu, wanaoziba mianya ya usalama, wanaojaribu kila badiliko kwenye aina mbalimbali za kompyuta. Baadhi yao wameajiriwa kwa kazi hiyo, na wengi wanajitolea baada ya saa za kazi. Kila toleo jipya ni kazi ya mikono hiyo.

2. Namna ya kusoma nambari

Chukua nambari 3.13.2. Ina sehemu tatu.

Ya kwanza, 3, ni kizazi cha lugha. Ikibadilika hiyo, jua kwamba mambo makubwa yamebadilika, na programu ya zamani inaweza isifanye kazi kabisa.

Ya pili, 13, ni toleo la mwaka. Ndani yake mna mambo mapya, na pia mna mambo ya zamani yaliyoondolewa.

Ya tatu, 2, ni marekebisho. Hapa hakuletwi jambo jipya, huzibwa tu makosa na mianya. Kutoka 3.13.1 kwenda 3.13.2 ni sawa na kubadilisha oili ya injini ile ile. Usiiogope, na usiicheleweshe.

Tahadhari kwa wanaoanza: nukta hizi si za desimali. 3.10 haisomwi "tatu nukta moja". Ni toleo la kumi la kizazi cha tatu kuanzia 3.1, na ni jipya kuliko 3.9. Lilipotoka mwaka 2021, programu kadhaa zilizokuwa zikisoma herufi ya kwanza tu baada ya nukta zililidhania kuwa ni 3.1.

3. Toleo linazaliwaje

Zamani matoleo ya Python hayakuwa na mwezi maalumu. Mwaka 2019 likakubaliwa pendekezo lililoandikwa na Łukasz Langa, linalojulikana kama PEP 602, la kutoa toleo moja kila mwaka, mwezi wa Oktoba. La kwanza kufuata utaratibu huo lilikuwa 3.9, lililotoka tarehe 5 Oktoba 2020. Tangu hapo kila Oktoba ina toleo lake.

Kabla ya siku hiyo, toleo hupita hatua tatu.

Hatua ya alfa. Hapa mlango uko wazi. Mapendekezo mapya yanajadiliwa na kuingizwa, na yanaweza kutolewa tena. Hatua hii huendelea mpaka mwezi wa Mei.

Hatua ya beta. Ikifika beta ya kwanza, mlango wa mambo mapya hufungwa. Wazo zuri lililochelewa kwa siku moja linasubiri mwaka mzima. Kuanzia hapo kazi ni kutafuta makosa na kuyarekebisha. Hapa pia ndipo waandishi wa maktaba, yaani programu saidizi tunazozitegemea, wanapoombwa wajaribu kazi zao juu ya toleo lijalo.

Hatua ya majaribio ya mwisho. Kuanzia mwishoni mwa Julai au Agosti, kinachotolewa kinatakiwa kiwe sawa na kitakachotoka Oktoba, na ni makosa mazito tu yanayoguswa.

Kila toleo lina msimamizi wake anayejulikana kwa jina. Pablo Galindo Salgado alisimamia 3.10 na 3.11, Thomas Wouters akasimamia 3.12 na 3.13, na Hugo van Kemenade akapokea 3.14. Msimamizi ndiye anayesema "hili liingie" na "hili lisubiri", na haondoki siku ya sherehe. Jukumu lake linaendelea mpaka toleo lake litakapofikia mwisho wa maisha. Juu ya wasimamizi lipo baraza la watu watano linalochaguliwa na waandishi wakuu wa lugha. Baraza hilo lilianza mwaka 2019, baada ya van Rossum mwenyewe kuachia uongozi Julai 2018.

Kwa nini tarehe iwe na uzito kuliko mambo mapya? Kwa sababu tarehe inayojulikana inawawezesha wengine kujipanga. Mwandishi wa maktaba aliyeko Nairobi na mwalimu anayeandaa mtaala Kampala wanajua mwaka mmoja kabla kwamba Oktoba jambo fulani litatokea. Wote wanapanga kazi zao bila kuulizana.

4. Toleo linaishi miaka mitano

Hapa ndipo palipo kiini cha somo. Toleo la Python huahidiwa matunzo ya takriban miaka mitano, na miaka hiyo haifanani.

Kipindi cha kwanza ni cha matunzo kamili. Makosa ya kila aina hurekebishwa, na kila baada ya miezi michache hutoka marekebisho yaliyofungashwa tayari kwa Windows na Mac. Kipindi hiki kilikuwa mwaka mmoja na nusu, na kuanzia 3.13 kimekuwa miaka miwili.

Kipindi cha pili ni cha usalama tu. Mwanya wa hatari ukigunduliwa utazibwa, lakini makosa ya kawaida hayaguswi tena. Pia hakutolewi vifurushi vya kuweka kwenye Windows. Hutolewa msimbo peke yake, na anayeutaka aujenge mwenyewe.

Baada ya hapo toleo limekufa. Bado litafunguka kwenye kompyuta yako, na hilo ndilo linalotudanganya. Limekufa kwa maana kwamba hakuna mtu aliyeahidi kulishughulikia. Mwanya ukigunduliwa kesho, utabaki wazi.

Tazama ratiba yenyewe:

3.8 ilikoma Oktoba 2024.
3.9 ilikoma Oktoba 2025.
3.10 mwisho wake ni Oktoba 2026.
3.11 mwisho wake ni Oktoba 2027.
3.12 mwisho wake ni Oktoba 2028.
3.13, iliyotoka 7 Oktoba 2024, mwisho wake ni Oktoba 2029.
3.14, iliyotoka 7 Oktoba 2025, mwisho wake ni Oktoba 2030.

Lipo jambo linalotugusa sana sisi tunaonunua kompyuta zilizokwishatumika. Python 3.8 ndiyo ya mwisho kukubali Windows 7. Kuanzia 3.9 haiwekeki humo. Kwa hiyo mashine yenye Windows 7 imefungwa kwenye toleo lililokoma. Huna haja ya kuitupa: iwekee Linux nyepesi inayotunzwa, na Python ya sasa itakubali. Lakini usiikabidhi kwa mtu ikiwa vile vile, ukamwambia kila kitu ni kizima.

Mambo ya zamani nayo hayaondolewi kwa ghafla. Kwa kawaida kitu kinachokusudiwa kuondolewa hutangazwa, kisha programu inayokitumia huonyesha onyo kwa matoleo yasiyopungua mawili. Sehemu iitwayo distutils ilitangazwa kuwa inaondoka kwenye 3.10, na ikaondolewa kweli kwenye 3.12. Sehemu ya cgi ilitangazwa kwenye 3.11 na kuondolewa kwenye 3.13. Aliyekuwa akisoma maonyo alipata miaka miwili ya kujiandaa, na aliyeyazima alishtuka siku moja.

5. Kizazi kikibadilika: funzo la Python 2

Mfano mkubwa wa ahadi na mwisho wake ni Python 2. Tarehe 3 Desemba 2008 ilitoka Python 3.0, na waandishi wake walikusudia kuvunja baadhi ya mambo ya zamani ili kurekebisha makosa ya msingi. Mawili yanatosha kuonyesha.

La kwanza ni kugawanya. Kwenye Python 2, ukiandika 7/2 unapata 3. Kwenye Python 3 unapata 3.5. Angalia hatari yake: programu haisimami, haitoi kosa, inabadilisha jibu tu. Katika mfumo wa hesabu za duka au wa kugawana gharama za safari ya chama, kosa la namna hiyo linaweza kukaa mwaka mzima bila kuonekana.

La pili ni herufi. Kwa kawaida Python 2 ilihesabu maandishi kwa baiti. Jina Muhammad kwa herufi za Kiarabu lina herufi nne, lakini likiwa limehifadhiwa kwa mtindo wa kawaida wa UTF-8, Python 2 ingelihesabu kuwa na nane. Hata ŋ ya Kiganda, kama ilivyo katika neno eŋŋoma, ingehesabiwa mara mbili. Python 3 inaihesabu moja. Kwa watu wanaoandika kwa Kiarabu na Kiganda, badiliko hilo halikuwa pambo.

Lakini kuhama kulikuwa kugumu. Mpango wa awali ulisema 2.7 itakoma mwaka 2015. Mwaka 2014 ukaongezwa muda mpaka 2020, kwa sababu mifumo mingi mno ilikuwa bado haijahama. Matunzo yakakoma tarehe 1 Januari 2020, na marekebisho ya kuaga, 2.7.18, yakatoka Aprili mwaka huo.

Jambo hili halikuwa la Ulaya na Marekani tu. Mwaka 2011 hapa Uganda UNICEF ilianzisha U-Report, ambapo vijana hutoa maoni yao kwa ujumbe wa simu. Ulijengwa juu ya RapidSMS, mfumo huria wa Python unaotumia Django. Mwaka ule Django haikukubali bado Python 3, kwa hiyo kazi yote ya Django ya wakati huo iliandikwa kwa Python 2. Baadaye, mwaka 2014, ukazinduliwa mfumo mpya, RapidPro, uliojengwa kwa Python na Django pamoja na kampuni ya Nyaruka ya jirani zetu wa Rwanda, na U-Report ikahamia huko. Django yenyewe iliiacha Python 2 kuanzia toleo lake la 2.0, Desemba 2017.

Funzo lake ni hili: huduma inayotegemewa na watu haikai juu ya lugha peke yake. Inakaa juu ya ngazi. Chini kuna mfumo wa kompyuta, juu yake lugha, juu yake maktaba, na juu kabisa msimbo wako. Kila kidato kina tarehe yake. Django 5.2, kwa mfano, inatunzwa mpaka Aprili 2028, lakini haikubali Python iliyo chini ya 3.10. Ukibaki kwenye Python ya zamani, utabaki pia na Django ya zamani, na vidato viwili vitakuwa vimeoza badala ya kimoja.

6. Mikono inayotunza ni michache

Wanaopita Nakivubo wanaujua mfereji unaobeba maji ya katikati ya Kampala hadi Ziwa Viktoria. Ukizolewa mchanga na taka, hakuna anayeutaja. Usipozolewa, mvua moja inatosha kuingiza maji madukani. Kazi ya matunzo ndivyo ilivyo: ikifanywa vizuri haionekani.

PHP, lugha inayoendesha tovuti nyingi tunazozijua, ilipata mvua yake mwaka 2021. Tarehe 28 Machi, mtu asiyejulikana aliingiza msimbo mbaya kwenye hazina ya PHP. Aliuandika kama marekebisho madogo ya tahajia, na akaupachika majina ya Rasmus Lerdorf, mwanzilishi wa lugha hiyo, na Nikita Popov, mmoja wa waandishi wake wakuu. Laiti ungefika kwenye toleo, mshambuliaji angeweza kuamuru seva za watu kutoka mbali. Wakaguzi waliuona ndani ya saa chache na kuuondoa. Haukutoka katika toleo lolote, na hazina ikahamishiwa GitHub.

Sisi tunaojifunza hadithi na sanadi zake tunaelewa haraka kilichotokea. Jina la mpokezi mwaminifu lilibandikwa juu ya maneno ambayo hakuyasema. Kilichookoa ni kwamba walikuwapo watu wanaosoma kila mstari na kuuliza: kweli hili limetoka kwake? Uwazi wa msimbo haukuleta usalama peke yake. Uliwapa tu wasomaji nafasi ya kuona, na wasomaji wakawapo.

Mwaka ule ule PHP iliona jambo la pili. Popov, aliyekuwa akibeba sehemu kubwa ya kazi, alitangaza kwamba anahamia mradi mwingine. Watu wakauliza swali wanaloliuliza waandishi wa programu huria: ni watu wangapi wakigongwa na basi, mradi utasimama? Kwa lugha inayotumiwa na dunia nzima, jibu lilikuwa dogo la kutisha. Novemba 2021 ikaundwa taasisi ya PHP Foundation ili kuchangisha fedha na kuwalipa waandishi. Yaani kisima kilitumiwa na mamilioni kwa zaidi ya miaka 25 ndipo kikawekewa mfuko wa kununua kamba.

7. Duka la Nakivubo: mfano wa kufikiria

Chukulia mwanafunzi wa mwaka wa tatu ameandika, mwaka 2021, mfumo wa PHP 7.4 kwa duka la viatu hapo Nakivubo. Mfumo unaweka majina ya wateja, namba zao za simu na madeni yao. Unafanya kazi vizuri, mwenye duka anafurahi, analipa. Mwaka unaofuata mwanafunzi anahitimu. Tarehe 28 Novemba 2022, PHP 7.4 inakoma kutunzwa. Mfumo unaendelea kufunguka kila asubuhi, miaka inapita.

Siku majina na madeni ya wale wateja yakichukuliwa na mwizi kupitia mwanya uliogunduliwa baada ya tarehe ile, nani anaulizwa? Waandishi wa PHP walitangaza mwisho mapema, na walitimiza ahadi yao. Mwenye duka hajawahi kusikia kwamba kuna kitu kinaitwa toleo. Aliyeijua tarehe, au aliyepaswa kuijua, ni mmoja tu. Alikabidhi amana bila kusema itaharibika lini.

Kwa hiyo, ndugu zangu, yafuatayo yawe desturi kwa kila mwanachama anayeandika programu.

Kwanza, jua ulichonacho. Andika python3 --version au php -v kwenye kila mashine unayoisimamia, na uweke orodha.

Pili, chagua toleo lenye maisha mbele yake. Kwa kazi ya kukabidhi, usikimbilie lililotoka wiki hii, maana maktaba nyingine hazijalifuata, na usichukue linaloaga. Toleo lililotangulia la mwisho mara nyingi ndilo zuri: limeshatulia, na bado lina karibu miaka minne.

Tatu, tenganisha kila mradi na mazingira yake kwa kutumia venv, na uandike matoleo ya maktaba zako kwenye faili. Anayekuja baada yako asilazimike kubahatisha.

Nne, soma maonyo. Endesha programu yako kwa python3 -W default, uone ni sehemu zipi zinazotumia mambo yanayoondoka.

Tano, hakiki unachopakua. Bando ni ghali, na ni jambo jema mmoja kupakua na kuwagawia wenzake kwa flashi. Lakini kwanza mlinganishe alama ya SHA256 na ile iliyoandikwa kwenye tovuti rasmi ya lugha. Kwenye Linux tumia sha256sum, na kwenye Windows tumia certutil -hashfile, kisha jina la faili, kisha SHA256. Herufi moja ikitofautiana, futa.

Sita, andika tarehe. Kwenye karatasi ya kukabidhi mfumo, weka mstari huu: "Mfumo huu umejengwa kwa toleo fulani, ambalo matunzo yake yanakoma mwezi na mwaka fulani. Kabla ya hapo unahitaji kuhamishwa." Kubalianeni pia ni nani atakayeuhamisha na kwa malipo gani. Mwenye duka anayejua kwamba gari linahitaji sevisi ataelewa.

Saba, tia mkono wako kisimani. Si lazima uwe bingwa. Chukua toleo la beta kati ya Mei na Julai, endesha programu yako juu yake, na ukiona kosa liripoti. Ripoti nzuri ina mambo matano: toleo la lugha, mfumo wa kompyuta, programu fupi kabisa inayoonyesha kosa, ulichotarajia, na ulichokipata. Kusahihisha maelezo na kuyatafsiri pia ni mchango. Wala milango haiko mbali: mkutano wa DjangoCon Africa wa Novemba 2023 ulifanyika Zanzibar, na PyCon Africa ya kwanza ilifanyika Accra Agosti 2019.

Muhtasari

Nambari ya toleo ni ahadi. Inasema nini kimebadilika, nani anakisimamia, na mpaka lini. Python hutoa toleo kila Oktoba na kulitunza takriban miaka mitano, sehemu ya mwanzo isiyofika nusu kwa matunzo kamili na iliyobaki kwa usalama tu. Toleo lililokoma halizimiki, linaachwa. Wanaotunza ni wachache, na wametuambia mapema watafika wapi. Kuanzia hapo jukumu ni la aliyejenga juu ya kazi yao na kuwakabidhi watu wengine.

Maswali ya kujadili kwenye darasa la chama

1. Orodhesheni mifumo yote inayotumiwa na chama chetu. Kila mmoja umejengwa kwa toleo gani, na linakoma lini?

2. Kwa nini programu inayotoa jibu lisilo sahihi bila kusimama ni hatari kuliko ile inayosimama? Toeni mfano wa hesabu za fedha.

3. Mwenye duka hana fedha za kuuhamisha mfumo, na toleo limebakiza miezi minne. Mwandishi wake ameshahitimu na yuko Mbale. Nani ana jukumu gani?

4. Tukiamua kujaribu toleo la beta la mwakani kama kikundi, nani atachukua kazi ya kuandika ripoti?

Majibu ya swali la kwanza yaandikwe na yabandikwe ukutani kwenye chumba cha kompyuta, pamoja na jina la mwanachama atakayeyahakiki kila Oktoba. Akihitimu, jina libadilishwe kabla hajaondoka.

Wabillahi tawfiq.